Mchirizi wa Kulala

Kioo kile kilikataa kutakata, na Siki hakuwa amewahi kukataliwa na kioo. Jina lenyewe lilitokana na kazi yake ya kusafisha madirisha ya watu: kikombe cha siki ndani ya nusu ndoo ya maji ya vuguvugu, kitambaa cha pamba, kisha gazeti kavu la kukaushia. Na alikuwa na kanuni moja. Upande wa nje futa kwa kusimama, juu chini. Wa ndani futa kwa kulala, kushoto kulia. Mchirizi ukibaki, unajua papo hapo umebaki upande gani.

Kaka yake, fundi cherehani, hakuishika kanuni hiyo hata kwa dawa. Madirisha ya duka lake aliyafuta kwa kusimama, nje na ndani.

"Ndani ni kulala, kaka," Siki alikuwa akimwambia.

"Kulala ni kitandani, dada. Kitambaa changu kinasimama."

Wazazi walishatangulia. Walibaki wao wawili tu, na ubishi huo ndio uliokuwa urithi wao.

Adhuhuri ile kaka alimwita amsafishie kioo kirefu cha wateja kujitazamia, alichokiokota kwenye nyumba iliyobomolewa. Uso wote ulikuwa umepakwa chokaa, tabaka juu ya tabaka. Mwenye akili angejiuliza nani hupaka kioo chokaa, na kwa nini. Ndugu hawa hawakujiuliza. Siki aliilowesha chokaa, akaikwangua yote ikaangukia ndooni, akafuta kwa siki, juu chini, juu chini.

Ikabaki michirizi ya kulala.

Akafuta tena. Ikabaki vilevile.

"Kaka, umekigusa hiki?"

"Nikiguse cha nini na nimekuita wewe?"

Alitua mkono. Kitambaa kilitulia, lakini mlio wa kufuta, kwii, kwii, uliendelea, na harufu ya siki ikamezwa na harufu ya nywele zilizoungua. Hapo ndipo alipoelewa. Michirizi ile ilikuwa ya upande wa ndani. Huko kulikuwa na mtu akimsaidia kazi.

"Kaka," alinong'ona. "Njoo. Taratibu."

Mkono ulitoka kiooni kabla kaka hajafika, ukamkamata kifundo cha mkono, ukamvuta akagonga uso kiooni, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi mfupa wa pua ukavunjika na damu ikatiririka juu ya kioo, na kule ndani ulimi ukawa unaifuata. Kaka yake akaja na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akauchoma mkono ule, ukatoa majivu badala ya damu, ukamwachia Siki na kumdaka yeye koo, ukamzamisha hadi kiunoni, kioo kikimfungukia kama utando wa uji, mbavu zikivunjika kwenye fremu, miguu ikiangusha majora ya vitambaa, naye Siki ameikumbatia miguu hiyo, kakanyaga ukuta, anavuta, anavuta, bega likateguka na bado akavuta, mpaka kaka yake akachomoka kwa mkupuo mmoja na kumwangukia, damu tupu, lakini anahema.

Siki hakungoja hata kumtazama. Alizamisha mikono ndooni, akakipaka kioo chokaa huku ikimuunguza majeraha, akisoma kila dua aliyoikumbuka na nyingine alizozitunga palepale. Mlio ukanyamaza. Harufu ya nywele haikuondoka, lakini kwa pua iliyovunjika nani angeiamini harufu?

"Imekwisha," alisema, machozi yakimtoka kwa furaha. "Nimekutoa, kaka."

"Umenitoa," kaka yake aliitikia polepole pale sakafuni. "Ila umeacha kona, dada. Imalizie."

Kweli, chini kushoto palibaki wazi, upana wa kiganja. Siki akachota chokaa ya mwisho, akapiga magoti. Kwa ndani kona ile ilikuwa imefunikwa na mvuke wa pumzi, na kuna aliyekuwa akiufuta haraka haraka kwa kipande cha kitambaa, kwa kusimama.

Juu chini. Juu chini.

"Imalizie, dada," ilisema sauti ya kaka yake, sasa karibu na sikio.

Mkono ukamtua kisogoni. Siki hakugeuka. Alidondosha chokaa, akaanza kukikwangua kioo kwa kucha.