Aliyefunga Injini

Jua lilikuwa linazama nilipotoka sokoni Kilosa na dumu la mafuta ya taa. Dereva wa bodaboda akauliza kama ni ya kupikia. Nikapanda nyuma yake. Tangu tumzike kaka yangu Urbanus kule Mvumi, sikuwa na uso wa kucheka na mtu.

Mafuta yalikuwa ya ndege yake. Si ya kupanda watu. Ni ya rimoti, lakini kubwa, ndefu kuliko mimi, yenye injini ya kweli inayovuta hewa na kutema moto. Urbanus aliagiza vipande vyake kutoka nje, akafa hajaviunganisha. Mimi na rafiki yake Ditram, wa Mikumi, tukaapa kuimaliza.

Ila kila Ditram akija, anakuta kazi imesonga. Mara magurudumu yamefungwa. Mara waya zimepitishwa ndani ya mabawa.

"Fabiola, si tulikubaliana tusiguse peke yetu?"

"Sijagusa! Wewe ndiye una ufunguo mwingine wa stoo."

Tukagombana mpaka tukanuniana.

Na baba mdogo Kondo, aliyekuwa akiicheka ndege ile kaka akiwa hai, sasa hapitishi siku bila kuuliza: "Itaruka lini?"

Nilipofika uani, nikasikia.

Fiiiiiii...

Injini. Inazunguka taratibu, kama mtu anayepiga mluzi huku ameuma meno. Harufu ya mafuta yaliyoungua imejaa uani. Tangi lile halijawahi kutiwa hata tone. Mafuta ninayo mimi mkononi!

Nikasukuma mlango wa stoo.

Mtu alikuwa amechuchumaa mkiani mwa ndege, anakaza skrubu. Amejaa udongo mwekundu. Ananuka pumba. Mkono wa kushoto hauna kidole cha mwisho.

Kidole kile kaka alikatwa na msumeno, mbele yangu.

"Urbanus..."

Hakugeuka. Nikamshika bega. Baridi... Akafungua kinywa kunijibu.

Hakikuwa na ulimi.

Woga ulinitoka wote, ikabaki hasira. Kumbe tulilia, tukajipaka vumbi, tukazika mgomba tukidhani ni yeye! Na yeye yuko hapa, amefanywa msukule, anafanyishwa kazi kama punda.

"Nani anakutuma?"

Akanyoosha mkono. Nyumba ya baba mdogo.

Nikadondosha dumu, nikaenda. Kondo alikuwa barazani, anapukuchua mahindi.

"Leo hakuna shikamoo?"

"Mrudishie kaka yangu ulimi wake!"

Hakushtuka. Akaniinamia, akanong'ona, "Punguza sauti, mwanangu. Amemaliza? Kuruka kwa ungo usiku kumepitwa na wakati."

Nikamzaba kofi. Baba yangu mdogo. Kwa mkono wangu huu.

Ndipo injini ikanguruma.

Mahindi yakamwagika. Kwa mara ya kwanza nikaona macho ya Kondo yana hofu.

"Sijamwagiza," akasema. "Sijamwagiza aruke..."

Tukakimbia. Stoo ilikuwa wazi, ukuta wa nyuma umeungua mweusi. Alama za magurudumu madogo zilitoka hadi barabarani, zikakatika katikati ya njia. Pembeni yake nyayo za mtu. Nazo zilikatika palepale.

Simu ikaita. Ditram, kutoka Mikumi, anahema. Kitu kimepita juu ya paa la mama yake, kinapiga mluzi, kinaelekea mbugani. Nikamuuliza kuhusu rimoti. Anayo yeye, kabatini. Imezimwa, haina hata betri.

Siku hizi jua likizama, mluzi unarudi. Baba mdogo hujifungia. Madirisha ameyaziba kwa magunia. Nimewaambia ndugu zetu wote alichofanya. Wananiambia ninyamaze, ni mzee wetu. Sinyamazi. Natoka uani, namwita kaka kwa jina mpaka koo linakauka.

Haitiki.

Anazunguka tu juu ya bati la Kondo, na kila jioni anashuka chini kidogo zaidi.