Maji Hadi Kwenye Selotepu

Dada yangu alikuwa amechoka kabla hata tangi la samaki halijaingia nyumbani. Hilo nalitanguliza, kwa sababu kila anayesikia kisa hiki huuliza mbona hakushtuka mapema. Mtu aliyechoka hashtuki. Akikuta kazi imeshafanyika, anashukuru na kupita.

Baba yetu alikuwa mpiga mbizi wa bandarini, akikarabati matumbo ya meli chini ya maji. Wenzake walimwita Nanga, kwa kuwa akishuka hakuwa na haraka ya kupanda. Kiharusi kilipompiga kilimwachia macho na mkono wa kushoto, basi. Dada, anayeshona sare za shule sebuleni, ndiye aliyebaki naye: kumlisha, kumgeuza, kumwogesha, kisha kurudi kwenye cherehani. Mimi nilikuwa mbali, nikichangia simu na pole.

Wazo la tangi lilikuwa langu. Nilisema Baba akipata kipande cha bahari pembeni ya kitanda, huenda akatulia. Dada akacheka, akasema kwa hiyo sasa atakuwa na wagonjwa wawili. Hata hivyo alimwita fundi wa matangi.

Fundi alikuwa mtu wa taratibu. Alihakikisha meza haijainama, akaweka tangi la kioo, akamwaga mchanga, akakoroga chumvi kwenye ndoo huku akipima, akapanga mawe ya matumbawe na kuwasha pampu. Mawe, alisema, yalitolewa kwenye gati la zamani, lile alikofanyia kazi Baba. Samaki wangengoja wiki sita, maji yakomae. Mwisho akabandika kipande cha selotepu kwenye kioo, usawa wa maji.

"Kila asubuhi yatakuwa yamepungua kidogo," alimwambia dada. "Ongeza maji matamu hadi hapa. Usije ukaongeza ya chumvi. Chumvi haiendi popote, kinachoondoka ni maji tu."

Wiki ya kwanza dada aliongeza. Wiki ya pili, asubuhi moja, akakuta maji yako kwenye selotepu sawasawa. Kesho yake vilevile. Akajua ni mama mfuaji, jirani anayekuja kufua mashuka ya Baba, kamwonea huruma. Alikuwa na sare arobaini za kumaliza, hakwenda kuuliza. Alisimama tu mlangoni mwa chumba, nusu akitania, akasema kwa sauti: "Asante, wewe unayenisaidia. Na mengine ukiweza, karibu."

Baba alifumba macho.

Tangu siku hiyo kazi zikawa zinapungua. Dada alimkuta Baba ameshageuzwa. Alimkuta amefutwa uso, nywele zimechanwa. Mashuka yalikuwa na unyevu, akadhani hayakukauka vizuri kwenye kamba. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili akapata kujinyoosha mchana. Aliponipigia simu sauti yake ilikuwa nyepesi, nami nikafurahi kweli. Nyuma ya sauti hiyo nilisikia chuma kikigongwa. Mara nne. Kimya. Mara nne.

"Ni Baba huyo," alisema. "Siku hizi anagonga ukingo wa kitanda kutwa. Daktari anasema ni mishipa."

Nilimwambia ampe pole. Nilikuwa nimechoka, nikakata simu.

Wiki ya nne fundi alikuja kukagua. Akapima maji, akapangusa kipimo, akapima tena. Chumvi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Akamlaumu dada kwamba ameongeza maji ya chumvi. Dada hata chumvi yenyewe hakuwa nayo, mfuko uliobaki fundi aliondoka nao. Wakamwita mama mfuaji kutoka uani.

Mama mfuaji alisema hajawahi kuligusa tangi. Chumba kile aliacha kuingia tangu wiki ya pili.

"Nilidhani umeleta ndugu wa kumwangalia mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimkuta amechutama hapo, kati ya tangi na kitanda. Nguo zinachuruzika. Nilimsalimia, hakuitikia."

Fundi alifunga mkoba wake. Hakuaga.

Dada akapiga magoti, akamshika Baba mkono. Ulikuwa baridi. Vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Midomoni kulikuwa na ukoko mweupe. Akaugusa, akaonja. Chumvi.

"Baba," alinong'ona, "kuna mtu humu?"

Mkono ukavuta kidole chake. Mara nne.

Alinipigia pale pale. Aliponieleza, nikaelewa zile nne. Nilipokuwa mdogo nilimshikia Baba kamba, yeye yuko chini ya meli. Alinifundisha mwenyewe. Mvuto mmoja: niko salama. Miwili: legeza. Minne: nivute juu.

"Mtoe humo chumbani," nilimwambia. "Sasa hivi."

Akatoka mbio kumwita mama mfuaji wasaidiane kumbeba. Simu aliiacha wazi kitandani. Nilisikia pampu. Nilisikia chuma. Nne. Nne. Tatu.

Kisha pampu peke yake.

Walimkuta mkavu, amefunikwa vizuri, nywele zimechanwa. Daktari alisema mapafu yalijaa maji, kwamba kwa wagonjwa wa kitandani hutokea. Hakusema maji gani. Kwenye kuta zote nne za chumba kulikuwa na mstari mweupe wa chumvi, umenyooka, umepita hadi nyuma ya kabati. Ulikuwa usawa wa selotepu.

Tangi tulilivunja. Mstari tumeupaka rangi mara tatu, unarudi. Sijajisamehe ile simu niliyokata.

Dada sasa anaishi kwangu. Amekonda, usingizi hapati, anashona tu. Kwangu bomba hutoa maji alfajiri pekee, na kuna ndoo sita za kujaza. Nimemkataza kuzigusa, hiyo ni kazi yangu.

Leo nimepitiwa na usingizi. Nilipoamka nilikuta ndoo zote sita zimejaa hadi ukingoni. Nikachota kidogo kwa kikombe, nikaonja. Nikatema.

Dada alikuwa kwenye cherehani. Alitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mazishi.

"Nilisikia ukijaza ndoo, mdogo wangu," alisema. "Nikakwambia asante hapo hapo kitandani."