Kuti la Chini

Jioni ile nilifunga duka mapema ili nimpelekee dada gauni lake. Ni gauni jeupe lenye maua madogo ya zambarau, nililolishona mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Wakati huo kiuno chake kilikuwa inchi thelathini na nne. Mwezi wa pili mwaka huu nililibana hadi thelathini. Mwezi wa tano, ishirini na saba. Sasa nilikuwa nimelibana mara ya tatu, hadi ishirini na tano, na hapakubaki nafasi ya mshono mwingine.

Kicheko alikuwa bado amekaa kwenye benchi. Ni mteja wangu, anaoka mikate mtaa wa pili, mwanamke mwenye mwili wake. Jina hilo alipewa kwa sababu husikika kabla hajaonekana.

"Hilo la dada yako tena?"

"Lake."

"Yeye anakwisha, mimi navunja zipu. Mwambie anikopeshe huo ugonjwa wiki moja tu, niingie kwenye sketi yangu ya harusi."

"Acha maneno hayo."

"Maneno hayaui, Fundi." Aliniachia kitambaa cha rangi ya machungwa nimshonee gauni, akaondoka. Nilimsikia akicheka hadi kwenye kona.

Vipande vinavyobaki nikikata nguo huwa namrudishia mwenye kitambaa. Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Wateja wengi hawavitaki, kwa hiyo vinaingia kwenye gunia nyuma ya cherehani. Katika miaka kumi na tisa, mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuviomba kwa kinywa chake. Mama mkwe wa dada.

Nilimkuta uani, akimwagilia mnazi wake.

Ulikuwa mnazi mfupi, wa bustani ya nyumbani, kuti la chini likiishia usawa wa kifua changu. Alikuwa amelitandaza duara la majani makavu kulizunguka shina bila kuligusa, na maji aliyamwaga taratibu, hatua moja kutoka kwenye shina, kama anayejua kazi. Lakini mti ulikuwa na makuti matano tu, na la sita juu kabisa, jipya, lililokuwa bado halijafunguka. Shina lilijaa makovu ya makuti yaliyokwisha kuanguka.

Kuti la chini lilikuwa njano kutoka nchani hadi katikati.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja, Fundi. Mkasi uko kwenye mkoba?"

"Uko."

"Ubaki humo humo."

Alicheka. Meno yalikuwa yote. Mama huyu amezika mtoto aliyekuwa na miaka hamsini na sita, na kichwani hana mvi.

"Hilo la chini limeshaharibika, Mama. Kwa nini hulikati?"

"Hilo ndilo kosa la watu. Wakiona njano wanakata, bustani ipendeze." Aliweka ndoo chini. "Mnazi ukikosa chakula ardhini hunyonya jani la zamani ulishe jani jipya. Hiyo njano ni mti unakula. Ukilikata kabla halijakauka, unadhani mti unaacha kula?"

"Hauachi?"

"Unapanda kwenye jani linalofuata."

Alisema hivyo kwa upole, kama mwalimu. Nilipompita kuelekea mlangoni nilisikia harufu ya nazi iliyochacha. Na sauti. Ilitoka kwenye mti, au ndani ya mti, kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija.

Fyuu…

Kimya.

Fyuu…

Ndani, Bimdogo alikuwa sakafuni akiandika hesabu, bado amevaa sare ya bluu niliyomshonea. Ni mtoto pekee wa dada, ana miaka saba. Baba yake ni dereva wa lori na mwezi huo alikuwa safarini, kama miezi mingi.

"Mama mdogo, jino langu linatikisika. Bibi amesema likitoka nimpe yeye."

"Utanipa mimi."

"Bibi ndiye aliyetangulia kuomba."

Dada alikuwa kitandani amegeukia dirisha. Hospitali walipima damu mara tatu, wakapiga picha kifua na tumbo. Kila jibu lilikuja safi. Nilimvalisha gauni akiwa amekaa. Lilipwaya. Nilikuwa nimelibana siku mbili kabla.

"Limefika wapi?" alinong'ona.

"Nini?"

"Njano."

Nilijifanya nanyoosha pindo la gauni.

"Mdogo wangu, umepita pale. Limefika wapi?"

"Nusu."

"Jana halikuwa nusu." Alinishika mkono. Vidole vilikuwa vikavu. "Likifika shinani, mchukue mtoto. Usingoje mazishi. Mchukue siku hiyo hiyo."

"Dada, unaumwa. Ule ni mti."

"Nenda kaangalie kilichofungwa."

Nilitoka. Mama mkwe hakuwepo uani. Taa ya barazani ilikuwa haijawashwa, na mwanga uliobaki ulitosha kusomea gazeti ukijilazimisha. Niliinama kwenye kuti la njano. Pale linapotokea shinani palikuwa na kitambaa kilichofungwa kwa mafundo mawili.

Cheupe. Maua madogo ya zambarau. Kingo zake zilikuwa na meno, kwa sababu nilizikata kwa mkasi wangu wenye meno ili zisifumuke.

Nilikuwa nimempa mama mkwe kwenye mfuko wa karatasi, na akanishukuru.

Kwenye kuti la juu yake niliona kitambaa cha bluu. Nilikiona, na sikufikiri. Macho yangu yalikuwa kwenye hilo moja.

Panga lake la bustani liliegemea ukuta. Nililichukua nikapiga mara nne. Kuti lilianguka kwa kelele kama ya mkeka. Penye jeraha palitoka maji, yakanirukia kwenye kifundo cha mkono.

Yalikuwa na joto.

"Umekata," sauti ilisema barazani. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, gizani, wakati wote huo.

"Nimekata."

"Haya."

Nilimsikia akitafuna kitu kigumu.

Siku ya pili dada aliomba chakula. Siku ya tano alitembea hadi jikoni bila kushika ukuta. Siku ya tisa alikuja dukani kwangu kwa miguu, nikampima mbele ya wateja. Ishirini na saba na nusu. Kicheko alimkumbatia akamnyanyua. "Umerudi, mwenye bahati wewe. Na mimi uliyekataa kunigawia sijapungua hata kidole."

Tulicheka wote. Nililala vizuri siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili Bimdogo alipita dukani akitoka shule. Alikuwa ameishika sketi kwa mkono mmoja.

"Mama mdogo, inaanguka."

Sketi ya shule huachiwa pindo. Mtoto anakua, fundi anashusha. Sijawahi kuibana sketi ya mtoto, na sijui fundi aliyewahi kuibana. Nilipitisha futi kiunoni mwake. Mwanzo wa muhula ilikuwa ishirini na mbili.

Kumi na nane.

"Unakula?"

"Nakula sana. Lakini hakikai." Alifungua kinywa kunionyesha pengo. "Jino limetoka. Bibi amelizika pale kwenye mti."

Nilimwacha kwa jirani, muuza viatu, nikaenda. Jua lilikuwa linazama. Lango lilikuwa wazi.

Kuti lililokuwa la pili sasa lilikuwa la chini, na ncha zake zilikuwa njano. Niliusikia mti kabla sijaufikia. Haukuwa unapumzika tena katikati.

Fyuu, fyuu, fyuu.

Safari hii niliinua kichwa, nikaangalia makuti yote.

Bluu.

Bluu.

Bluu.

Bluu.

"Nilikuambia usikate." Mama mkwe alikuwa nyuma yangu na ndoo yake. Nywele zake zilikuwa zimeongezeka kwenye paji la uso. "Mama yake angeendelea hadi mwisho wa mwaka. Jani kubwa linadumu. Hili changa linaisha upesi."

"Mfungue mtoto."

"Vitambaa nilipewa na nani? Si nilisema nashona mto wa kuchezea, ukanipa mfuko mzima?"

Nilitazama panga. Alinifuata macho.

"Lichukue. Kata hilo, ataliwa kwenye la pili. Kata manne yote, utabaki na moyo. Mnazi una moyo mmoja tu, Fundi, hauchipui mwingine. Ukiukata, mti unakufa na kila aliyefungwa humo anakufa nao. Mimi ndiye wa kwanza, sikatai. Mimi nimekula. Yeye je?"

"Nikivifungua vitambaa?"

Alipapasa shina kwa kiganja, akasimama kwenye kovu moja lililokuwa na ukubwa wa sahani. "Mzee wangu alivifungua vyake. Mti ulimfuata ndani, bila jani. Siku tatu." Akapandisha kiganja hadi kovu lingine. "Mke wa kwanza wa mwanangu huyu. Yeye alikuwa mvumilivu." Shina la mnazi halifungi kidonda kama miti mingine. Kovu hubaki lilivyo.

Nilipiga magoti. Sioni haya kulisema.

"Mama, naomba. Chochote."

"Inuka, utachafua nguo." Alingoja nisimame. "Jani halijui jina la mtu. Linajua kitambaa. Ukitoa kimoja na kutia kingine papo hapo, halina habari." Aliniangalia mkoba. "Na wewe una gunia."

Niliporudi dukani giza lilikuwa bado halijaingia vizuri. Ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Katika dakika hizo nilifikiria kufunga cha nguo yangu mwenyewe. Nililifikiria jambo hilo kutoka langoni kwao hadi kwenye duka la muuza viatu. Pale niliona Bimdogo amelala juu ya maboksi, miguu haijai viatu. Nilimfunika. Nikafungua duka langu, nikaenda nyuma ya cherehani, nikafungua gunia.

Makuti manne. Vipande vinne.

Vitatu sitasema vilikuwa vya nani. Vilikuwa vya kuti la pili, la tatu na la nne, na zamu yao bado. Cha kuti la chini nilikitafuta kwa makusudi. Nilijiambia ni mwenye mwili, atachukua muda mrefu. Nilijiambia pia kwamba aliomba mwenyewe.

Kilikuwa cha rangi ya machungwa.

Mama mkwe alinishikia taa na ngazi. Nilifungua bluu, nikafunga machungwa kabla sijavuta pumzi. "Fundo la pili likaze," alisema. "Hivyo. Una mkono mzuri." Nilipofunga la nne, sauti ndani ya mti ilikatika.

Kimya.

Kisha ikaanza tena, taratibu, kama mtu aliyebadilishiwa sahani.

"Watu walishangaa nilipomchagulia mwanangu mke wa pili," alisema akizima taa. "Walisema bibi harusi mwembamba, hana umbo. Mimi bibi harusi sikumwangalia. Niliuliza dada yake anafanya kazi gani."

Alinisindikiza hadi langoni kama mgeni wa heshima.

"Lile jipya litafunguka mwezi ujao. Uje na kipande."

Dada alikuwa amesimama dirishani. Aliona ngazi, aliona mkoba, akatazama nyuzi za machungwa zilizonasa kwenye mkono wa blauzi yangu. Nilifungua kinywa nimweleze.

"Usiniambie," alisema, akafunga pazia.

Bimdogo amerudi kwenye ishirini na mbili. Muhula ujao nitashusha pindo. Wamehamia kwangu, yeye na mama yake. Shemeji akirudi safarini anapitia kwetu na haulizi kitu. Mimi huenda kumwagilia mnazi Jumanne na Ijumaa, jioni. Hatua moja kutoka kwenye shina. Namwaga jivu wakati wa mvua. Kuti la njano silikati.

Siku hizi wateja siwarudishii vipande. Hakuna aliyeuliza.

Jana, nikiwa najiandaa kufunga, nilimwona Kicheko akiwa ameshafika mlangoni. Nilishtuka, kwa sababu sikuwa nimemsikia akija. Alivaa lile gauni la machungwa nililomshonea, na alikuwa amelikusanya kwa nyuma kwa mkono.

"Fundi, tazama." Alizunguka. Macho yalikuwa yanang'aa. "Limenipwaya. Na sijaacha kitu, nakula mikate yangu yote. Mume wangu anasema nimerudi msichana."

"Umependeza," nilisema.

"Nibanie. Mpaka nione mwisho wake."

Nilipitisha futi. Kitambaa kilinuka nazi iliyochacha. Mwezi uliopita ilikuwa arobaini na mbili. Niliandika thelathini na saba kwenye daftari, nikachukua chaki, nikachora mstari mpya ndani ya ule wa zamani.

"Na hivyo vipande vitakavyobaki?" aliuliza. "Ukae navyo tu. Mimi vya nini?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilitikisa kichwa kukubali, nikaanza kubana.