Mwito wa Tatu

Gari lilikuwa limekwisha pita mikorosho ya mwisho ya Mkongani, na vumbi limefunga njia nyuma yake, wakati Dama aliposema:

"Usigeuke."

Rispah alikuwa ameshika usukani. Yeye ni afisa wa watoto, mwanamke wa Kombani, mnene kidogo na mcheshi. Aliangalia kioo. Barabara ilikuwa tupu. Jua lilikuwa la utosi na miti haikuwa na vivuli.

"Nisigeuke kwa nini, mwanangu?"

"Naitwa."

"Na nani? Mimi sikusikia kitu."

"Kaita mara mbili," Dama alisema. "Ya tatu bado."

Rispah alisikiliza. Injini tu. Akacheka kidogo.

"Na ikija ya tatu?"

"Hapo ndipo naitika. Bibi alinifundisha. Jua likiwa utosini, mtu akikuita humwoni, usiitike mpaka akuite mara tatu. Jini hawezi kuita mara tatu."

Rispah alijua mafundisho hayo. Pwani nzima wazee huyasema. Akadhani ni maneno ya mtoto tu, akakanyaga mafuta. Laiti angeuliza zaidi.

Dama alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mamake alikufa zamani, babake hakujulikana aliko. Alilelewa na bibi yake, na bibi naye akafa. Mjomba alimchukua, kisha akasema nyumba ni ndogo. Jirani alimchukua, kisha akasema mtoto anamtisha. Sasa alikuwa anapelekwa Shimoni, kwa malezi ya muda. Maana yake ni kwamba familia imechunguzwa na kukubaliwa kumlea mtoto asiye wao, na afisa huja kuangalia anaishi vipi.

Nguo zake zilikuwa ndani ya kikapu. Mapajani alipakata kata ya bibi yake, kile kifuu cha nazi chenye mpini cha kuchotea maji. Hakutaka kiwekwe nyuma.

Mlezi wake mpya aliitwa Mwanafatuma. Mumewe, Haji, alikuwa fundi wa injini za mashua. Walikuwa na binti mmoja, Ikram, wa miaka kumi na minne. Walimpokea Dama kwa wali na samaki wa kupaka. Alikula akamaliza, akaosha sahani yake, akaosha na za wengine.

"Mtoto kafunzwa huyu," Mwanafatuma alisema.

Shida ilikuwa moja. Akiitwa, haitiki.

"Dama!"

Kimya. Mtoto yuko pale uani, anaonekana, mgongo wake umesimama wima kama mti.

"Dama!"

Kimya.

"Wewe Dama!"

"Abee!" Anakuja mbio.

Haji alicheka. "Huyu ni kama injini kuukuu. Kamba uivute mara tatu ndipo iwake."

Lakini Ikram hakucheka. Yeye alilala chumba kimoja na Dama na alikuwa ameona zaidi.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kichaka juu ya mawe ya matumbawe. Katikati ya kichaka palikuwa na tundu lililoshuka chini mpaka usawa wa bahari. Shimoni kuna matundu mengi ya namna hiyo. Bahari ikijaa, tundu lilitoa pumzi baridi. Bahari ikipwa, lilivuta. Majani ya mdomoni mwake yalitikisika hata siku isiyo na upepo. Watu wa mtaa walilizoea, lakini mchana wa jua kali hakuna aliyekaa karibu nalo.

Siku moja Ikram alikuwa anaanua nguo. Akasikia sauti kichakani.

"Abee, Bibi. Naja."

Aligeuka. Dama alikuwa amesimama kwenye mdomo wa tundu, ameishika kata kwa mikono miwili, imejaa maji. Hakuna mtu mwingine. Dama aliinama akaiweka kata chini, taratibu, kama anayempa mtu mkononi. Kisha akangoja. Majani yalitikisika.

"Dama," Ikram aliita. Hakugeuka. Ikram akaacha nguo kwenye kamba, akakimbilia ndani.

"Mama, anazungumza na watu tusiowaona!"

"Watoto huzungumza peke yao."

"Mama, alinyamaza akisikiliza jibu!"

Habari ikavuka ua. Jirani yao, Twaiba, alikuja bila hodi. Yeye hukaanga viazi karai barabarani, na maneno humfikia kabla ya wateja.

"Shoga," alimwambia Mwanafatuma, "mtoto kaja na wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Wa kwao. Kawafuata au wamemfuata, hiyo si kazi yangu. Nimeiona kata pale tunduni. Maji yamekauka yote."

"Ni jua, Twaiba."

"Jua hunywa mpaka tone la mwisho? Haya. Mimi nasema apungwe pepo. Ngoma, ubani, mambo yaishe. Au mrudishe alikotoka, kabla hajakuachia kitu kwa Ikram."

Mwanafatuma alikuwa mwanamke wa imani, lakini usiku uliopita alimwita Dama, akasikia kama mtu mwingine ameguna nje. Hofu ikishaingia nyumbani, hata mlango ukilia unaogopesha. Akasema neno ambalo hakulipima:

"Akiendelea hivi, tutamrudisha."

Dama alikuwa nyuma ya mlango, na ndoo ya maji kichwani.

Kesho yake Rispah alifika kwa ziara yake ya kawaida. Jua lilikuwa utosini.

"Hodi!"

"Karibu, mama. Pole na safari." Mwanafatuma alikuwa na wasiwasi. "Nilikuwa nikutafute. Mtoto huyu…"

"Yuko wapi?"

Walimtafuta. Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nguo za Dama zilikunjwa ndani ya kikapu, kama mtu aliyejiandaa kuondoka. Viatu vilipangwa chini ya kitanda. Kata haikuwepo.

Ikram aligeuka rangi. "Tunduni," alisema.

Wakakimbia. Twaiba naye akafuata, na upawa wa viazi mkononi. Bahari ilikuwa inajaa, na pumzi baridi ilikuwa inapanda kutoka chini, ikinuka chumvi na majani mabovu. Kisha wakasikia. Sauti ilitoka chini kabisa.

"Bibi!"

Na tundu likajibu, polepole, kwa sauti nzito isiyo ya mtoto: "Bibiii…"

Twaiba alidondosha upawa.

"Dama!" Mwanafatuma alipiga kelele. "Toka, maji yanajaa!"

Kimya. Kulisikika maji tu, yakilamba mawe.

"Dama!"

Twaiba alimshika mkono. "Usimwite ya tatu, shoga. Utaitikiwa na kitu kingine!"

"Mfuate babako gatini, aje na kamba," Rispah alimwambia Ikram, na Ikram akaruka mawe. Kisha afisa akapiga magoti kwenye mdomo wa tundu na kutega sikio.

"Bibi!" mtoto aliita tena. Sasa sauti ilitetemeka.

"Bi Mwanafatuma," Rispah alisema, "acha kumwita. Sikiliza. Yeye ndiye anayeita. Anaita na haitikiwi. Mwitikie wewe."

"Anamwita bibi yake! Mimi si bibi yake. Nimdanganye mtoto?"

"Usimdanganye. Itikia, halafu umwambie wewe ni nani."

Mwanafatuma alilala kifudifudi juu ya mawe makali. Akaingiza kichwa kwenye lile giza. Mtu mzima hamwitikii mtoto kwa abee. Mtoto ndiye humwitikia mkubwa. Lakini hilo ndilo neno lililomjia.

"Abee, mwanangu!"

Tundu likalirudia neno mpaka chini.

"Ni mimi, Mwanafatuma. Bibi yako hayumo humu. Mimi niko hapa. Nimekusikia."

Maji yalilamba. Kitu kikatikisika gizani. Hata Rispah, alisema baadaye, nywele zilimsimama.

Kisha wakasikia mtu akikokota miguu majini. Uso wa Dama ukatokea chini, umelowa machozi na chumvi. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Alipanda mwenyewe, jiwe kwa jiwe, kata mdomoni kaiuma kwa mpini. Mwanafatuma alimvuta kwa makwapa akamkumbatia hivyo hivyo na maji yake. Haji alipofika na kamba aliwakuta wote wamekaa chini.

Walimpa nguo kavu na chai ya tangawizi. Hakuna aliyemwuliza neno mpaka chai ikaisha. Rispah ndiye aliyesema kwanza.

"Dama, siku ya bibi yako ilikuwaje?"

Dama aliitazama kata.

"Nilikuwa napalilia mihogo. Jua la utosi. Bibi akaita kutoka ndani, 'Dama!' Nikanyamaza. Akaita tena. Nikangoja ya tatu. Haikuja. Nilipoingia, mtungi ulikuwa mkavu. Alikuwa anataka maji."

Mwanafatuma alijishika kifua.

"Wakamzika. Mimi nilifungiwa ndani pamoja na watoto wengine. Sasa ananiita kila mchana. Nampelekea maji, hanywi. Na nyinyi mnanirudisha. Ndiyo nikasema nimfuate nimpe mkononi."

Haji alitoka nje kidogo, akarudi macho mekundu.

Rispah alisogeza kiti. "Sikiliza, mwanangu. Ulifanya vile ulivyofundishwa na yeye mwenyewe. Hiyo ni heshima, si kosa. Bibi yako aliugua. Hata ungekimbia na bahari nzima, usingekuwa na dawa mkononi. Hukumuua."

Dama alianza kulia kwa sauti. Mwanafatuma alitaka kumnyamazisha. Rispah akatikisa kichwa.

"Mwache alie. Kilio hiki amekiweka siku nyingi."

"Lakini hiyo sauti?" Haji aliuliza. "Ni pepo au si pepo?"

"Bwana Haji, mambo ya pepo sikuja kuyabishania. Nasema mtoto asipigiwe ngoma kabla hajaulizwa lililomkuta. Mtu akifiwa ghafula, mwili hukumbuka saa ile, jua lile. Masikio huusikia mwito hata baada ya mwitaji kuzikwa. Hata watu wazima huwapata. Tutamwona mshauri wa hospitali Msambweni. Na mimi mngeniambia mapema. Nami nilipaswa kumwuliza mapema. Niliisikia habari hii garini nikacheka."

"Na tukikosa gari la kwenda ofisini kwenu?" Twaiba aliuliza kutoka mlangoni. Hakuwa ameondoka.

"Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, Bi Twaiba. Ni bure. Rahisi kuliko ubani."

"Ubani wenyewe umepanda bei," Twaiba alikubali.

Kisha Rispah akamfundisha Dama, na wote wakasikia. "Ukisikia mwito, simama. Bonyeza nyayo chini mpaka uisikie ardhi. Vuta pumzi kwa pua, itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Taja vitu unavyoviona. Sema, 'Hapa ni Shimoni, niko kwa Mwanafatuma.' Nawa uso. Halafu mwite mtu aliye hai."

"Asipoitika?"

"Ataitika," Mwanafatuma alisema. "Hilo si lako. Ni letu. Na neno la kukurudisha nililisema kwa hofu. Nalitoa."

Haikuwa kazi ya siku moja. Mshauri alimwambia Dama kwamba kujitunza huanza na vitu vidogo, kula hata usipotaka, kulala mapema, kuoga, kucheza, na kusema "leo nina huzuni" bila kuona aibu. Alichora picha za Mkongani. Ikram alimsuka nywele kila Ijumaa na kumwuliza habari za bibi, na Dama akajifunza kumtaja akicheka. Nyumbani waliacha kumwita kwa mbali. Walimwendea mpaka awaone. Yeye akiita, hata kama Haji ameshika spana na mafuta mpaka kiwiko, mtu aliitika.

Kuna mchana mwingine hali ile ilimrudia. Alisimama uani, uso umesawijika, kichwa kimegeukia kichaka. Mwanafatuma alisimama kando yake bila kumgusa.

"Shuka," Dama alinong'ona. "Kamba. Kuku. Upawa. Hapa ni Shimoni."

"Ni Shimoni, mwanangu."

Rispah alipopata nafasi aliwapeleka wote Mkongani, kaburini. Dama hakuwahi kuliona. Aliijaza kata maji, akayamwaga polepole juu ya mchanga, na mchanga ukayanywa.

"Abee, Bibi," alisema.

Walikaa mpaka jua likapita utosi. Hakuna aliyeita.

Ile kata ilirudi Shimoni ikaingia jikoni, ikachotewa maji kama kata nyingine.

Miaka imepita. Rispah alihamishiwa wilaya nyingine na bado huja Idi. Ikram aliolewa Msambweni. Haji ana maumivu ya mgongo na injini anawaachia vijana. Twaiba bado anauza viazi karai na bado anasema alisikia kitu siku ile. Mwanafatuma amechukua mtoto mwingine wa malezi ya muda, wa miaka minne, asiyesema. Dama anasomea uuguzi, na likizo hulala chumba kimoja na mtoto huyo. Tundu limezibwa kwa mbao, ingawa bahari ikijaa mbao hutikisika. Wapo wanaosema mchana wa jua la utosi bado kuna anayeita mle. Dama akiulizwa, husema hajui. Akiitwa, huitika mara ya kwanza.