Umetua Saa Ngapi?

"Tumetua salama mke wangu. Huku baridi balaa!"

Mkata tiketi alisoma ujumbe wa mumewe, akatabasamu. Kisha akatupia jicho saa ya ukutani pale ofisini, na tabasamu likamkauka. Saa saba mchana.

Tiketi ile aliikata kwa mkono wake mwenyewe. Kilomita elfu saba na mia mbili, saa tisa angani. Ndege imeondoka saa mbili asubuhi. Sasa zimepita saa tano tu!

Au imetua kwa dharura? Akafungua kompyuta. Ndege iko angani, haina tatizo.

Basi aliyetua ni nani?

Hapo akaelewa. Kwenye tiketi, saa ya kufika huandikwa kwa saa za kule kule, na wale wako nyuma saa nne. Mumewe kasoma saa saba, akaisubiri saa saba ya hapa. Mtu aliyepanda ndege hawezi kukosea hivyo.

Akampigia. Simu ikaita.

"Uko wapi?"

"Nimefika mpenzi, nasubiri mabegi..."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamke: "Kaka, chumba unaendelea nacho?"

Mkata tiketi akainuka kitini.

"Nani huyo?"





"Mhudumu. Niko gesti, nyuma ya uwanja wa ndege."

"Na nani?"

"Na begi."

Alikodi pikipiki, akaomba Mungu njia nzima. Alipofika hakusalimu. Akachungulia uvunguni, akafunua pazia la bafu. Hakuna mtu. Mumewe alikuwa amekaa kitandani, viatu miguuni, macho mekundu.

"Nilifika mpaka mlangoni mwa ndege. Miguu ikagoma."

"Wewe? Fundi wa minara ya simu, unayeparamia mita themanini?"

"Mnara naushika mwenyewe. Kule juu ningeshika nini?"

"Si ungeniambia!"

"Ukoo mzima umenisindikiza. Mama mkwe kalia machozi. Ningerudi na uso gani?"

Mkata tiketi akaangua kilio cha hasira.

"Mchana huu nimekuzika, nikakufufua, nikakuozesha mke mwingine! Unajua nilivyoogopa?"

"Nisamehe. Nicheke basi, uniite mwoga yaishe."

Hakucheka. Akakaa pembeni yake.

"Miaka saba nauza tiketi. Kila mwaka ofisi inanipa safari ya bure. Nimesafiri mara ngapi?"

"Si huwa unasema kazi zimekubana?"

"Naogopa," akasema kwa sauti ndogo. "Hata uwanjani nikisikia zinanguruma, naziba masikio. Nilikukatia tiketi huku naomba ukatae."

Mume akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kuliko wake.

Mlango ukagongwa. Yule mhudumu tena.

"Samahani jamani, chumba mnaendelea nacho?"

"Hapana," wakajibu kwa pamoja. "Tunarudi nyumbani."