Tangi Lililozaa

Siku meli inapotia nanga, gati la kisiwa halina adabu. Kila mtu anasukuma, kila mtu ana haraka zake. Binti Pampu alikuwa amevaa gauni la njano lililomkaa sawasawa, na mwenyewe alijua. Alikuwa anapasua umati kwenda kuchukua mipira ya pampu alipohisi mtandio wake unamponyoka kichwani. Kugeuka, ameunasa kijana mrefu kwa ncha ya ufito wa shaba aliouweka begani, na badala ya kuomba radhi anacheka.

"Wewe unavua samaki, au unavua wanawake mitandio?"

"Napima matangi ya mafuta, dada. Mtandio umejileta wenyewe."

"Matangi ya nani?"

"Ya kituo chenu hapa. Nasikia mwenye kituo ni mkali."

"Mwenye kituo ni baba yangu. Mkali ni mimi."

Kituo kilikuwa hicho hicho kimoja kisiwani. Boti, mashine ya kusaga, jenereta ya zahanati, vyote vilinyonya hapo. Matangi yalifukiwa ardhini kabla binti hajazaliwa, na sasa kisima cha shangazi yake, nyuma ya ukuta, kilikuwa kinanuka petroli. Baba alisema ni mafundi wa boti wanaomwaga ovyo. Binti alitaka kumwamini, maana kituo kikifungwa hawakuwa na riziki nyingine.

Kijana yule, mkaguzi wa matangi, akawa hatoki pale. Mchana anazunguka na ufito wake, jioni anapiga simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Mwongo mkubwa wewe. Endelea."

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Jioni pampu zinafungwa, ufito unatumbukizwa tangini, mafuta yanapoishia panawekwa alama. Asubuhi unatumbukizwa tena. Yakipungua, tangi linavuja. Mkaguzi alifunga mfuniko wa tangi kwa kufuli, akamwachia binti ufunguo kwa kuwa alimwamini, naye akautundika jikoni.

Asubuhi ufito ulitoka umelowa kupita alama. Mafuta yalikuwa yameongezeka.

"Tangi limezaa," mkaguzi alisema, safari hii bila kucheka. "Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mimi."

"Basi hongera, mama mzazi."

Akabeba mfuko wake akaenda. Binti alipiga simu mpaka ikamchosha; haikupokewa. Iliuma kweli, lakini alikuwa ameshaelewa. Alimkuta baba uani anasuuza madumu, na kandambili zake zinanuka petroli.

"Baba, hata kudanganya hujui. Umemimina mpaka yamezidi."

"Ningejuaje yanavuja kiasi gani?" mzee akanung'unika. "Kituo hiki ndicho kilichokusomesha, mwanangu. Nyamaza, kwa ajili yangu. Huyo mgeni wako ataondoka na meli, sisi tutakula nini?"

"Na dada yako atakunywa nini?"

Mzee akainamia madumu yake.

"Nakupenda, baba. Lakini kunyamaza sinyamazi."

Nje, foleni ilikuwa imeshajipanga. Binti alizifunga pampu moja baada ya nyingine, akasimama mbele ya watu wa boti na wa pikipiki.

"Hakuna mafuta. Tangi letu linavuja, mafuta yanaingia visimani mwenu. Visima vya nyuma hapa msichote tena."

"Na boti zetu?" mmoja akafoka.

"Ninunieni mimi. Mafuta meli italeta kwa mapipa. Kisima hakiletwi na meli."

Habari zilifika nyumba ya wageni kabla mkaguzi hajamaliza chai. Simu ikaita.

"Nasikia umefunga."

"Umesikia vizuri."

"Kumbe hukuwa wewe."

"Ungeniuliza ungejua."

"Nisamehe, mpenzi. Nilikurupuka. Ni nani, basi?"

"Hilo sikwambii ng'o. Njoo upime upya, na ufunguo ulale nao wewe."

Alikuja. Asubuhi iliyofuata mafuta yalikuwa yameshuka vibaya. Tangi lilipofukuliwa, tumbo lake lilikuwa limetoboka kwa kutu, na udongo ulinuka hadi barabarani.

Siku ya meli kuondoka, mkaguzi alimkuta binti kwenye ukingo wa shimo, gauni limejaa tope.

"Twende wote."

"Shimo hili nimelianzisha mimi, siliachi wazi. Nenda, urudi."

"Nikirudi, nirudi kama nani?"

"Kama mkwe."

Baba, ambaye tangu siku ile hakuwa amemsemesha binti yake, alikohoa mlangoni. "Mahari yangu ni tangi jipya," alisema. "Lisilovuja."

"Tangi utanunua mwenyewe, baba," binti akajibu bila kugeuka. "Mimi siuzwi, hata kwa kituo kizima. Huyu nimempenda, basi."

Mzee akamkazia macho mkaguzi.

"Umemsikia mwenyewe. Huyo ndiye unayemtaka?"

"Huyo huyo, baba."