Kiraka Hapepesi Macho

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipotoka kwa daktari wa mifugo, kichupa cha dawa mkononi, mbwa wake Kiraka akimfuata nyuma huku akijigonga kwenye kila kizingiti. Macho ya mbwa yule yalikuwa yamebadilika. Yalianza kwa wekundu, yakaja kutoa tongotongo nzito, na sasa jicho la kushoto lilikuwa limetanda ukungu mweupe.

"Hana ugonjwa ninaoujua," daktari alikuwa amemwambia akikuna kidevu. "Macho yamechoka tu. Kwani halali huyu?"

"Anashinda chumbani kwa mume wangu, daktari. Anatazama kona ya kabati kutwa kucha. Hapepesi."

"Basi mtilie matone haya, kisha umfunge kitambaa apumzike."

Kitambaa! Kwa hilo hakuhitaji mwalimu. Alipofika nyumbani alikata bitana nyeusi, akashona kifuniko cha macho kilichomkaa Kiraka barabara, chenye lastiki nyuma ya masikio, mwanga usipenye hata chembe. Akajisifu moyoni. Maskini, angejua angeivunja cherehani ile kwa mikono yake mwenyewe.

Mumewe, mwashi, alikuwa hoi kitandani tangu jukwaa la ujenzi lilipovunjika. Mwenzake aliyekuwa naye juu aliangukia saruji mbichi, akafa papo hapo. Yeye alivunjika nyonga, na kila kukicha alizidi kunyong'onyea, ingawa utani haukumwisha.

"Mbwa anashonewa nguo, suruali yangu ina tundu mwaka mzima," alisema, Kiraka alipoingizwa chumbani. Kisha akauona uso wa mbwa, na kicheko kikamkauka. "Umemfunga macho?"

"Daktari kasema..."

"Mfungue, mke wangu. Mfungue!"

Kwap.

Sauti ilitoka kwenye kona ya kabati. Kama buti lililoloa likikanyaga sakafu. Harufu ya saruji mbichi ikajaa chumbani, katika nyumba ambayo haijapigwa lipu tangu wahamie.

Kwap...

Kiraka alilia, akijikwaruza uso kwa makucha. Fundi akapiga magoti, akaivuta lastiki. Mshono ulikuwa mzuri mno, haukuachia. Akanyakua mkasi, akaukata.

Macho yote mawili yalikuwa meupe pe. Mbwa aligeuza kichwa huku na huku akinusa hewa, haoni kitu.

Machozi yakamtoka fundi kwa uchungu. Bila kufikiri, akayafuta kwa kitambaa kilekile kilicholowa tongotongo za mbwa. Macho yakamwasha kama pilipili. Akayafumbua.

Akamwona.

Mtu aliyejaa saruji tangu nywele hadi buti, amesimama kando ya kitanda, mkono ameunyoosha. Kati ya kidole chake na kifua cha mumewe palibaki shibiri moja. Hakusogea. Alikuwa anatazamwa, ndiyo maana hakusogea.

"Amefika wapi?" mumewe alinong'ona.

"Unamjua?"

"Amefika wapi, mke wangu?"

"Hapo... kifuani."

Mumewe alifumba macho, akalia kimyakimya. Fundi hakuwa na moyo wa kumwuliza tena, kwa sababu alikuwa amepepesa mara moja, na kile kidole kilikuwa kimesogea. Kidogo tu. Upana wa uzi.

Siku hizi fundi anashonea chumbani, kwa kupapasa, uso ameuelekeza kitandani. Kiraka hulala miguuni pake, usingizi wa pono. Wateja wananung'unika kwamba fundi ameanza maringo, hamtazami mtu usoni. Asubuhi hii jirani alikuja kuchukua sare za watoto wake, akainama, akamchungulia.

"Dada, hebu nenda hospitali. Jicho lako la kushoto lina ukungu."

"Najua," alijibu bila kugeuka.

Kati ya kile kidole na shati la mumewe, nafasi iliyobaki ilikuwa ya kupitisha sindano.